Maneno ya Kurudishwa Jumuiyani

Maisaka, Babati
9 Februari 2025

Mdogo wangu Edda,

Naomba unisamehe kwa kukaa kimya tangu kabla ya Krismasi. Ulipiga, nikaona jina lako linawaka, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Barua hii nimeianza mara nne. Nikiishika kalamu Otilia anaamka, na Otilia akilala nami nimeshalala na kalamu mkononi. Leo nimetoka misa ya kwanza, Theophil amempeleka Brayson kwa kinyozi, basi nimepata nafasi.

Sisi tupo. Brayson ameanza darasa la kwanza, meno mawili ya mbele yameng'oka, anacheka na kila mtu njiani ili pengo lionekane. Otilia ana miezi mitano na shavu moja limezidi lingine kwa sababu analalia upande mmoja. Shamba la Singe tumeshalima, tunaangalia mawingu. Theophil bado yuko na lile fuso la mchanga. Mgongo unamsumbua lakini hasemi.

Utauliza kwa nini nakuandikia karatasi wakati simu ipo. Ni kwa sababu mwezi wa kumi na moja ulinipigia ukaniuliza, "Dada, unalalaje siku hizi?" Nami nikajifungia chooni nikakurekodia sauti, nikakueleza habari za yule mtoto wetu wa mwaka 2021, aliyezaliwa amekwisha kufa. Nilikuwa nakwambia wewe. Wiki mbili baadaye maneno yangu yako kwenye blogu yako, hata pale nilipopenga kamasi umepaandika. Karatasi angalau mtu hawezi kuibonyeza ikaenda kwa watu elfu tatu.

Jina langu ulilibadilisha, ukaniita Maria. Asante. Lakini ukaandika kwamba Maria anakaanga perege kwenye kibanda cha bluu ng'ambo ya stendi ya Babati. Edda, pale ng'ambo ya stendi vibanda vya bluu vya samaki viko vingapi? Bodaboda wakipita wananipigia kelele, "Maria! Nifungie wa buku mbili!" Siku ya kwanza nilicheka.

Ila hilo silo lililonifanya niandike. Tarehe 14 Desemba jumuiya yetu ya kanisa ilisali kwetu. Bibi Skolastika, mama yake Theophil, alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Unajua alitoka Dareda nilipojifungua Otilia, akabaki ili amlee mimi nirudi kibandani. Baada ya sala Benadetha wa stesheneri akatoa karatasi nne kwenye mkoba. Akasema, "Jamani, kuna mtoto wetu mmoja yuko Ulaya anaandika vizuri mno, hebu tumsikilize tujivunie." Akasoma. Nadhani mwenyewe hakuwa amefika mwisho, kwa sababu sauti yake ilianza kupungua alipofika pale kwenye mama mkwe mwenye moyo wa jiwe, aliyemtengea mkamwana wake kikombe na sahani kama mbwa.

Bibi akauliza, "Huyo wa moyo wa jiwe ndiye mimi?"

Benadetha akasema, "Bibi, hii ni hadithi tu."

"Hadithi ina kikombe changu?"

Bibi akamaliza kuchambua maharage, akayaweka jikoni, na kesho yake baada ya misa akapanda gari la Dareda. Hajarudi mpaka leo. Theophil hajanigombeza. Heri angenigombeza.

Kwa hiyo Otilia naenda naye kibandani, namfunga mgongoni, nakaanga. Wiki iliyopita tone la mafuta lilimrukia mguuni. Ni dogo, limepona. Lakini nilisikia lilivyolia kwenye ngozi kabla hajalia yeye.

Iondoe, Edda. Sikuombi, nakwambia.

Dada yako,
Vailet


Lublin
17 Machi 2025

Dada Vailet, shikamoo.

Barua yako imefika juzi, imekaa njiani wiki tano. Nimeinusa, inanuka samaki, nikalia kama mjinga kwenye ngazi za hosteli. Msalimie shemeji, mpe pole ya mgongo. Mwambie Brayson hayo meno asiyatupe, ayatunze nije niyaone. Mguu wa Otilia umeniuma mimi. Huku niko poa. Theluji imeyeyuka imekuwa tope, masomo yanaenda, Kipolandi kinanishinda lakini sio sana.

Dada, nitasema kwa heshima. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimemaliza fomu siksi, nikaja Dareda kwa bibi kukusaidia, nikakukuta umefungiwa chumba cha nyuma. Hukuruhusiwa kwenda bombani. Jirani alikuja kuomba moto, bibi akamrudisha kutoka getini. Kikombe chako kilikuwa cha bati chenye ua jekundu, kiko peke yake dirishani, na chakula nilikupitishia dirisha hilohilo. Nilikaa siku nane na kila siku nilitaka kupiga kelele. Wewe ulikuwa umefiwa, halafu ukafanywa kama uchafu. Nikikaa kimya nimemsaidia nani?

Na sio mimi tu. Chini ya ile habari wameandika wanawake mia moja na kumi na nne. Dada, mia moja na kumi na nne! Kuna mmoja anasema mwanawe angeitwa Damasi, na hajawahi kulitamka jina hilo mbele ya mtu mpaka aliposoma habari yako. Wanakuombea. Wanauliza Maria anaendeleaje. Nikiiondoa, hao nao nawafunga midomo.

Nimefanya hivi: kibanda nimekigeuza kuwa cha kijani na stendi nimeihamishia Arusha. Sasa hakuna atakayekujua. Bibi nitampigia nimwombe radhi kama ameumia, ingawa sikusema uongo.

Kingine. Mwezi wa tano wanafunzi wa Kiafrika wa mji huu wana siku yao. Wamenialika nisome hiyo habari jukwaani, wataitafsiri. Ni mara ya kwanza mtu huku kunitafuta kwa jina. Usinikasirikie kwa hilo.

Mdogo wako,
Edda


Maisaka
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Edda,

Marahaba. Barua yako ilikuja na mvua, bahasha imelowa lakini ndani inasomeka. Mahindi ya Singe yameota vizuri upande wa juu, upande wa chini maji yamekaa. Brayson ameshika nafasi ya tisa. Baba yake kamnunulia soda, wakanywa wawili, mimi nikaonyeshwa chupa. Otilia ameanza kukaa mwenyewe. Namweka kwenye beseni la plastiki nyuma ya kibanda na miguuni namwekea tango achezee.

Kibanda cha kijani nimekisikia. Benadetha ndiye aliyenionyesha, anapita kila siku kunisalimia kwa huruma mpaka namkimbia. Edda, watu walishasoma. Ukipaka rangi nyumba ambayo watu wamelala ndani, wao hawaijui?

Na bibi usimpigie. Ulishampigia, najua. Theophil aliambiwa na kaka yake. Eti ulimwambia, "Samahani bibi kama umeumia." Bibi akamrudishia mwenye simu, akasema mtoto huyu ananiuliza kama nimeumia.

Sasa nitakwambia jambo ambalo niliapa sitalisema. Hata Theophil halijui lote. Lisome mara moja, kisha karatasi hii uichome.

Ulikaa siku nane ukaondoka. Mimi nilikaa kwenye kile chumba wiki tisa. Ile mila ya wazee wao ya kumtenga aliyezaa mtoto mfu, wenyewe wanaiita metimani, bibi aliikuta na mimi niliikuta. Sisi tuliokulia mjini hatukulelewa nayo. Lakini ulichokiona dirishani hakikuwa chote. Bibi alikuja akaniuliza, "Mama Brayson, unataka watu waje kukupa pole?" Nikasema sitaki kumwona mtu. Maziwa yalikuwa yananitoka, Edda, na mtoto hakuna. Ningemwona mwanamke mwenye mtoto mgongoni ningepiga kelele. Akasema, "Basi acha mila ikufungie mlango. Hawatakuuliza kwa nini." Yule jirani wa moto alikuwa ana mtoto wa wiki mbili mgongoni. Ndiyo maana alirudishwa kutoka getini.

Siku ya tisa, wewe umeshaondoka, bibi aliingia ndani na godoro lake. Akachota uji, akanywa nusu kwenye kikombe changu, nusu akanipa. Kwao ukishakunywa kikombe hicho, na wewe umo. Huendi nyumbani kwa mtu, husogei kwenye harusi wala msiba. Nikamwambia bibi usinywe. Akasema, "Nimeshakunywa, unataka niteme?"

Wiki ya tano kaka yake alifariki huko Mbulu. Kaka yake pekee, aliyembeba mgongoni utotoni. Walituma mtu aje kumchukua. Nilimsikia akijibu kwa ndani, mlango umefungwa, kwamba anaumwa tumbo. Hakwenda kuzika. Ndugu zake mpaka leo wanasema Skolastika alikataa kumzika kaka yake, na hajawahi kujitetea, kwa sababu akijitetea itabidi aseme alikunywa, na mwenye kunywa kwa kutaka, kwao ni mtu aliyecheza na msiba. Ukoo ungemgeukia.

Huyo ndiye moyo wa jiwe.

Sikukwambia kwa sababu alinikataza. Na nitasema kweli, sikukwambia pia kwa sababu nilipokurekodia ile sauti nilitaka unihurumie mimi, mimi peke yangu. Nikayaacha haya. Kosa hilo ni langu, nalibeba.

Nakujua. Sasa hivi moyo unakudunda unasema, hii ndiyo habari kubwa kuliko ile. Ukiigusa, Edda, wewe na mimi basi. Nimesema.

La mwisho. Nimechukua simu ya Theophil nikasoma blogu yako yote. Habari thelathini na moja. Kuna samaki wangu, kuna jogoo wa baba, kuna ziwa na viboko wake, kuna hata kaptula ya Brayson iliyochanika. Wewe haumo. Sijui unakula nini. Sijui unalala na nani chumbani. Ule mtihani wa Januari ulioniambia kwenye simu hukuutaja kwenye barua, na mtu aliyefaulu hutaja.

Dada yako


Lublin
22 Mei 2025

Dada, shikamoo, na shikamoo tena.

Hapa maua yametoka kila mahali na mimi nina mafua. Nimefurahi Brayson kuwa wa tisa. Mimi sina nafasi ya kutaja, utaona chini.

Nitakwambia nilichofanya, usiiache barua katikati. Nilisoma barua yako ndani ya basi, nikashuka kituo si changu, nikaingia maktaba, nikaanza kuchapa. Nilichapa yote. Mpaka mtu aliyetumwa kutoka Mbulu, mpaka "unataka niteme?" Ilikuwa nzuri, Dada. Naona aibu kusema, lakini ilikuwa nzuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Nikaweka kidole pale pa kutuma.

Nikakaa hivyo. Mhudumu wa maktaba akaja kuniambia kitu, sikumwelewa. Akarudia polepole. Sikumwelewa. Watu wakageuka. Miezi saba niko nchi hii na mtu ananiambia kwamba wanafunga, na mimi sielewi mpaka taa zinapozimwa. Nikafuta yote, nikaichoma na barua yako chooni hosteli, king'ora cha moto kikalia, wakatutoa nje jengo zima na taulo. Nimeandikiwa onyo. Cheka tu, ruhusa.

Mtihani wa Januari sikufeli. Sikwenda. Mwaka huu wote ni wa lugha, ukiukosa huo mtihani huendelei na chuo. Mwezi wa kumi darasani walikuwa wananicheka nikitamka, nikaacha kujibu, halafu nikaacha kwenda. Nilikuwa naamka kama wengine, navaa, nabeba begi, naenda maktaba kuandika blogu. Pale nilikuwa najua kila neno. Watu elfu tatu wananiita dada Edda, na chumbani yule binti wa Vietnam ninayelala naye nadhani hajui jina langu. Ningeandika nini juu yangu? Nilikuwa nawachota ninyi kwa sababu ninyi mlikuwa na habari.

Ile ya kikombe nimeiondoa tarehe 12 mwezi huu. Kabla sijaiondoa nilinakili maneno ya wale wanawake wote mia moja na kumi na nne kwenye daftari kwa mkono, yalinichukua siku nne. Jukwaani sikwenda. Niliwaambia sina habari ya kusoma. Waliudhika, bango walishalichapa na picha yangu.

Kuna mtihani wa marudio Septemba. Bado sijajiandikisha. Usimwambie baba.

Dada, niambie la kufanya kwa bibi. Nikipiga naharibu, nikiandika naharibu.

Edda


Maisaka
29 Juni 2025

Mdogo wangu,

Otilia sasa anatambaa, na akitambaa uelekeo wake ni mmoja, jiko. Nimemfunga kanga kiunoni, upande wa pili nimefunga mguu wa meza. Wateja wananiambia, "Mama Brayson, umefuga?" Nawajibu huyu hauzwi, chukua perege. Mahindi tumevuna ya upande wa juu tu. Mbaazi zinatoa maua. Baba mzima, anakuulizia, nimemwambia unasoma. Usinifanye mwongo.

Nilicheka ya king'ora mpaka Theophil akaja kuangalia nina nini. Halafu nikasoma chini yake, nikakaa.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita Theophil alikwenda Dareda kumwona mama yake. Alimkuta anapukuchua mahindi. Akamwambia, "Mama, ile habari Edda ameshaifuta." Bibi akamuuliza, "Ameifuta wapi?" Akamwambia kwenye mtandao. Bibi akasema, "Mimi mtandao siujui. Mimi nilisomewa karatasi, mbele ya Mama Wiliam, mbele ya yule Otilia aliyempa mtoto wenu jina, mbele ya wanajumuiya wote, na maharage yangu mkononi. Hao nao wamefutwa?"

Bibi akamwambia neno lililosomwa jumuiyani linarudishwa jumuiyani, kwa karatasi, na mdomo uleule uliosoma. Hilo likifanyika atakuja siku hiyohiyo, begi lake lipo tayari nyuma ya mlango. Theophil kaliona.

Nimekwenda kwa Benadetha. Nilidhani atakataa. Akalia pale kwenye mashine yake ya fotokopi, akasema tangu Desemba hajalala vizuri, atasoma hata mara mbili. Jumuiya itasali kwetu tena Jumamosi ya tarehe 13 Septemba. Karatasi iwe imefika. Kwa hiyo naandika ninavyovihitaji, usome taratibu, usiache hata kimoja:

Karatasi ya bibi. Iandike kwa mkono wako, herufi kubwa, maana Benadetha miwani yake imevunjika. Ukurasa mmoja usizidi, ukiwa mrefu ataongeza ya kwake. Anza na shikamoo. Usiandike "kama umeumia." Andika kwamba ulikaa siku nane, ukasema juu ya wiki tisa. Yale ya ndani ya chumba usiyaguse, wala ya Mbulu. Jina lake litaje kamili, Skolastika, na la kwako kamili.

Lile daftari la wanawake. Lote, usichague. Hilo si la jumuiya. Nilikuwa nayasoma maneno yao kwenye simu nimejifungia chooni, sikukwambia. Bibi akija nitamsomea mimi, tukibaki wawili.

Karatasi ya chuo yenye mhuri, inayoonyesha umejiandikisha mtihani wa Septemba. Picha ya simu siitaki.

Na barua moja juu yako. Unakula nini asubuhi, yule binti wa Vietnam anaitwa nani, neno gani la Kipolandi umeweza kulitamka wiki hii. Ukurasa mmoja unatosha, na sisi tusiwemo.